Fidla Nyuma ya Mnong'ono: Okestra Inavyopangwa Ndani ya Jazi na Bosanova

Mwishoni mwa mwaka 1976 João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazil, aliingia studio jijini New York na gitaa lake, akaimba nyimbo nane kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo usiku huku watoto wamelala chumba cha pili. Mwanzoni mwa 1977 tepu zile zilikuwa Hollywood, upande wa pili wa Marekani, na safari hii studio ilijaa wapiga fidla na wenzao. Walisikiliza kilichokwisha kurekodiwa, wakapiga juu yake noti walizoandikiwa na Mjerumani mmoja, Claus Ogerman. Santuri iliyotokana na kazi hiyo inaitwa Amoroso. Ukiisikia unaweza kuapa kwamba mwimbaji na okestra walikaa chumba kimoja na kupumua pamoja.

Hapo ndipo penye fumbo ninalotaka tulifumbue. Kundi kubwa la vyombo linawezaje kukaa nyuma ya mnong'ono bila kuufunika? Na kwa nini rekodi nyingine za aina hiyo, zenye wapigaji hodari vilevile, zinamchosha msikilizaji kabla ya wimbo wa tatu?

Kwanza nisafishe njia kidogo. Kwetu neno "jazi" lina historia yake: Morogoro Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, magitaa mbele, wachezaji uwanjani. Ninayoizungumzia hapa ni jazi ya Wamarekani weusi, iliyojengwa juu ya ubunifu wa papo kwa papo, pamoja na bosanova, muziki uliozaliwa Rio de Janeiro mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka tumboni mwa samba. Viwili hivi vilikutana mapema na kuazimana mengi, zikiwemo fidla.

Jambo la pili ni majina ya kazi, maana yanachanganywa sana. Mtunzi hutoa lahani na mfuatano wa sauti zinazoibeba. Mpangaji wa muziki huchukua wimbo huo akaamua nani apige nini, lini, juu au chini, kwa nguvu kiasi gani, kisha akaandika noti za kila chombo. Kiongozi wa okestra husimama mbele na kuwaongoza wapigaji. Prodyuza ndiye anayekusanya watu, studio na fedha, na ndiye anayesema "hii imetosha". Katika santuri ya Wave ya mwaka 1967, mtunzi ni Mbrazili Antônio Carlos Jobim, mpangaji na kiongozi ni Ogerman, na prodyuza ni Creed Taylor. Mpangaji kwa kawaida hulipwa kwa kazi ya kuandika na hadithi inaishia hapo. Wimbo ukivuma miaka 50, mirabaha inakwenda kwa mtunzi. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, nami naona si haki, kwa sababu mara nyingi kile tunachokikumbuka kwenye wimbo ni mkono wake.

Jalada la Wave lenyewe lina picha ya twiga aliyepigwa picha Amboseli, Kenya, mwaka 1964 na Pete Turner, kisha akabadilishwa rangi kabisa. Twiga wetu amezunguka dunia na muziki ule, na wengi walio nayo nyumbani hawajui alikotoka.

Turudi nyuma hadi tarehe 30 Novemba 1949. Charlie Parker, mpiga saksofoni aliyekuwa ameigeuza jazi juu chini, alirekodi jijini New York akiwa na fidla chache, chelo (fidla kubwa ya sauti nzito), kinubi na obo, chombo chembamba cha kupuliza. Alilitamani jambo hilo. Alikuwa mpenzi wa muziki wa kiokestra wa Ulaya, na "Just Friends", wimbo uliotoka siku ile, ulibaki kuwa miongoni mwa kazi zake alizozipenda mwenyewe. Wakosoaji walinung'unika kwamba ameuza utu wake. Mimi nadhani walikosea kuhusu nia yake, lakini sikio lao lilisikia tatizo la kweli: fidla zile zilikuwa zimesimama. Zilitandaza zulia, na Parker akaruka juu yake. Alichokipiga kingeweza kupigwa juu ya zulia jingine lolote. Hakuna upande uliomsikiliza mwenzake, kwa sababu noti za fidla zilikwisha andikwa na noti za Parker zilikuwa bado hazijazaliwa.

Hilo ndilo tatizo la msingi la okestra katika jazi. Jazi ni mazungumzo. Ukiwa na watu wanne, mpiga ngoma anasikia saksofoni inataka kupanda, naye anapanda nayo. Watu wanaosoma karatasi hawawezi kufanya hivyo. Mpangaji analazimika kuandika leo upande mmoja wa mazungumzo yatakayofanyika kesho.

Njia moja ya kutoka humo ilionyeshwa mwaka 1961 na mpangaji Eddie Sauter, alipomwandikia mpiga saksofoni Stan Getz santuri iitwayo Focus. Sauter hakuandika zulia. Aliandika vipande vya fidla na jamaa zake vinavyojitosheleza, vyenye vishindo, maswali na mapengo, na sehemu ya Getz akaiacha bila kuiandika. Getz alisikiliza na kujipenyeza. Katika kipande cha kwanza, ambapo Roy Haynes anapiga ngoma, nyuzi zinakimbia kama zinafukuzwa, na saksofoni inazikwepa, inazipita, inazisubiri. Mzigo wa kusikiliza umehamia kwa mtu mmoja aliye huru kuubeba. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote za jazi na fidla, ingawa haikuanzisha desturi. Ilidai mpangaji jasiri na mpigaji mwenye masikio yale, na wawili hao hawakutani kila mwaka.

Mpangaji Gil Evans alipita njia nyingine. Kwa santuri ya Miles Ahead, mwaka 1957, aliziacha fidla kabisa. Alichukua baragumu za Kifaransa, tuba, filimbi na klarineti nzito, akavichanganya hadi usijue ni chombo gani kinalia, kisha akamweka mpiga tarumbeta Miles Davis katikati ya wingu hilo. Lakini wawili hao hao walipojaribu bosanova mwaka 1962, mambo hayakwenda. Vipande vilivyopatikana havikutosha hata kujaza santuri, kipande cha kundi dogo kikachomekwa kufidia, na Davis akamkasirikia prodyuza kwa kuitoa kazi ambayo yeye aliiona haijakamilika. Santuri hiyo ni Quiet Nights. Wingu la Evans ni zito na linatembea polepole. Bosanova ina kitu ndani kinachotikisika muda wote, na wingu lilikizima.

Kitu hicho ni gitaa. Katika samba ya mtaani kuna ngoma kubwa, surdo, inayoshika mapigo ya chini, na vingoma vidogo kama tamborim vinavyokatakata juu yake. João Gilberto alikusanya kundi lote hilo mkononi mwake. Dole gumba likawa surdo: linapiga uzi wa chini kwa mwendo usioyumba. Vidole vingine vikawa tamborim: vinabana noti tatu au nne kwa pamoja, ndizo wanamuziki huziita kodi, na kuzirusha kabla au baada ya pigo unalolitarajia. Halafu sauti inaimba juu yake ikiwa huru, mara inachelewa nyuma ya gitaa, mara inatangulia, na mwisho wa mstari wanakutana kana kwamba hawakuachana.

Halafu kuna kodi zenyewe. Jobim alikuwa mpangaji kabla ya kuwa mtunzi mashuhuri. Alifanya kazi ya kuandika noti kwenye kampuni za santuri, na ujanani alifundishwa na Hans-Joachim Koellreutter, Mjerumani aliyehamia Brazil. Aliwapenda watunzi wa okestra Debussy wa Ufaransa na Villa-Lobos wa Brazil. Chukua "Samba ya Noti Moja": lahani imeng'ang'ania noti ileile, huku kodi chini yake zikishuka nusu toni kwa nusu toni, yaani kwa hatua ndogo kabisa. Noti haijasogea lakini kila mara inabadilika sura, kama ukuta mweupe unavyobadilika rangi jua likizama. Maana ya wimbo iko kwenye kile kinachosogea chini. Mpangaji akikivuruga, kinabaki kitu cha kuchosha: noti moja inayorudiwarudiwa.

Fidla hazikuwa ngeni Brazil. Mwaka 1946 mpangaji Radamés Gnattali alimpangia mwimbaji Dick Farney wimbo "Copacabana" kwa nyuzi laini za kimahaba, na redio za Rio zilikuwa na okestra zao. Waimbaji wa wakati huo waliimba kwa kifua kipana, na okestra kubwa iliwafaa. Bosanova ilikuja kama kufagia nyumba. Santuri ya kwanza ndefu ya João, iliyotoka 1959, ina nyimbo 12 na haifiki hata nusu saa. Jobim aliipanga kwa mkono mwepesi mno: filimbi inaingia, inasema sentensi moja, inatoka. Kwa hiyo mtu aliyetaka kurudisha okestra nzima ndani ya nyumba iliyokwisha fagiliwa alipaswa kuwa na sababu.

Mtu huyo ni Ogerman. Alizaliwa mwaka 1930 Ratibor, mji uliokuwa Ujerumani wakati ule na sasa uko Poland, akahamia Marekani mwaka 1959. Alikuwa fundi wa kila kazi: mwaka 1963 alipanga "It's My Party", wimbo wa kijana Lesley Gore uliovuma kwenye redio zote, na mwaka huohuo akapanga santuri ya kwanza ya Jobim nchini Marekani. Humo Jobim anapiga piano kwa namna ya ajabu, noti mojamoja, kama mtu anayeonyesha njia kwa kidole. Ogerman aliielewa ishara hiyo.

Basi alifanya nini hasa? Nitaeleza mambo ninayoyasikia kila ninaporudia santuri hizo.

Kubwa kuliko yote ni kwamba fidla zake hazipigi mapigo. Fidla inayosuguliwa kwa upinde taratibu huanza polepole, sauti inachanua. Uzi wa gitaa huanza papo hapo, tik. Ukiwataka wapiga fidla waige mkato wa gitaa la João, watachelewa kwa chembe tu ya muda, lakini chembe hiyo inatosha kulifanya gitaa lionekane lina pumu. Ogerman aliliachia gitaa saa yote. Fidla zikapewa noti ndefu zinazoanza kabla hujazigundua na kuisha baada ya kuzisahau.

Na hapa kwenye Amoroso ndipo ilipo kazi ya kiakili ninayoistahi zaidi. Sauti ya João inayumba kwa makusudi. Gitaa lake haliyumbi. Okestra ikifuata sauti, itapotea naye. Ikifuata gitaa, sauti inabaki huru kati ya vitu viwili vilivyotulia, saa chini na anga juu. Ndiyo maana iliwezekana kurekodi nyuzi wiki kadhaa baadaye, mbali na mwimbaji. Kilichohitajika kilikuwa gitaa kwenye tepu na mpangaji aliyejua asimfukuze mwimbaji.

Kisha kuna suala la kupiga pamoja. Mtu anayejifunza kupanga akipewa fidla nyingi, kishawishi cha kwanza ni kuzigawa ili zitoe kodi nzima. Fanya hesabu: fidla 12 ukizigawa mafungu manne, kila noti inabaki na watu watatu, na watatu ni wachache, kila mmoja husikika kivyake na ukingo wa sauti unakwaruza. Waache wote 12 kwenye noti moja, tofauti zao ndogondogo zinayeyukiana, na unapata sauti pana, laini, isiyo na kingo. Tena kodi tayari iko kwenye gitaa, pamoja na zile noti za nyongeza zinazoipa bosanova ladha yake. Ukiirudia kodi ileile kwenye fidla unapaka rangi juu ya rangi. Ogerman hupenda kuzikusanya fidla zake kwenye mstari mmoja ulio juu sana, mara nyingine hatua kadhaa juu ya mwimbaji, na katikati anaacha wazi. Sauti ya João inakaa humo, katika nafasi isiyogombewa na mtu.

Msikilizaji wa taarabu hatashangaa. Fidla za Zanzibar, kwa desturi iliyotoka Misri, nazo hupiga lahani moja kwa pamoja, na utamu wake unatokana na hiyohiyo hali ya wengi kusema neno moja kila mtu kwa ulimi wake. Tofauti ni kwamba katika taarabu fidla zinafuata lahani ya mwimbaji au kumjibu anapopumzika, na jibu lao ni sehemu ya wimbo inayosubiriwa. Za Ogerman hupita na lahani yao nyingine, polepole kuliko ya mwimbaji, na mara kwa mara zinakaa kimya ubeti mzima.

Ukimya huo una matumizi. Fidla zikilia mwanzo hadi mwisho, sikio linazizoea na kuacha kuzisikia, kama mngurumo wa jokofu. Zikitoka kwenye ubeti wa pili na kurudi kwenye wa tatu, kurudi kwake ni tukio. Filimbi nazo hupewa sauti zake za chini, zile zenye pumzi nyingi na nguvu kidogo, kwa sababu huko hazishindani na herufi za mwimbaji. Anayeimba kwa mnong'ono karibu na maikrofoni hutegemea "s", "t" na "sh" zisikike. Chombo kikali katika eneo hilo kinazila.

Jaribio gumu zaidi lilikuja mapema, kati ya tarehe 30 Januari na 1 Februari 1967, Hollywood. Mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra, mwenye umri wa miaka 51, mtu aliyezoea okestra za mpangaji Nelson Riddle zenye tarumbeta zinazomsukuma mgongoni, alirekodi na Jobim nyimbo 10 zilizopangwa na Ogerman. Hakukuwa na kuongeza fidla baadaye. Sinatra alipenda kuimba okestra ikiwa mbele yake. Kwa hiyo watu wote wale walipaswa kupiga kwa ulaini chumba kimoja, na yeye apunguze sauti hadi mahali ambapo hakuwa na desturi ya kwenda. Sikiliza jinsi okestra inavyomkaribisha huko chini badala ya kumvuta juu. Hakuna mlio wa tarumbeta wa kumsaidia amalize mstari. Anabaki peke yake na pumzi yake, na nafikiri hajawahi kuimba kwa uaminifu zaidi ya hapo. Mwaka 1969 walirudia ushirikiano huo kwa mipango ya Eumir Deodato. Ni mizuri, ina mwendo zaidi, lakini mlango ulikwisha funguliwa.

Wapo waliozishutumu santuri hizi kuwa muziki wa kwenye lifti. Siwalaumu kabisa. Mafanikio yalizaa waigaji, na waigaji walichukua kile kinachosikika, ulaini, wakaacha kile kisichosikika, yaani nafasi zilizoachwa. Matokeo yalikuwa miaka mingi ya fidla zinazojaza kila pengo, na sifa ya chombo ikaharibika. Njia rahisi ya kuzipima: zima kichwani mwako sauti ya mwimbaji na usikilize fidla peke yake. Kama zinasema jambo, kuna mpangaji. Kama zinatafsiri tu kodi za gitaa kwa sauti kubwa zaidi, kuna mtu aliyejaza karatasi.

Lakini wembamba wa Ogerman si njia pekee, na João mwenyewe alitoa ushahidi. Santuri yake ya mwaka 1991, iitwayo João, ilipangwa na Clare Fischer, Mmarekani ambaye wakati huo alikuwa pia akimwandikia nyota wa pop Prince noti za okestra kupitia tepu zilizotumwa, bila wawili hao kuwahi kukutana ana kwa ana. Fischer ni mtu wa kodi nzito, zilizosokotwa, kila chombo na njia yake. Anaweka vitu katikati, pale pale ambapo Ogerman aliacha wazi. Mara nyingine namwona João akiwa msituni badala ya ufukweni, na kuna nyimbo ambazo msitu unamfaa. Nikilazimishwa kuchagua, nabaki na Amoroso, ila nimewahi kusikiliza zote mbili usiku mmoja na kubadili mawazo mara mbili.

Ogerman alirudi kazini kwa kizazi kingine alipompangia mwimbaji Diana Krall, na Januari 2010, akiwa na miaka 79, alipata Grammy kwa mpangilio wa "Quiet Nights", wimbo wa Jobim. Alifariki mwaka 2016.

João alikwisha chagua upande mwingine. Mwaka 2000 alitoa santuri yenye sauti na gitaa tu, akarudia humo "Chega de Saudade" na "Desafinado", zile za mwanzo kabisa. Ukitaka kuielewa kazi ya mpangaji, anza na hiyo. Vaa hedfoni, sikiliza dole gumba, sikiliza sauti inavyochelewa na kufika. Kilicho masikioni mwako kinakaribia sana kile alichokuwa nacho Ogerman mwaka 1976, mbele ya karatasi ambazo bado hazikuwa na noti hata moja.